Majani Niliyoyafagia Chini ya Mkilua

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilizunguka Gazi nzima na tenga kichwani, nikibisha hodi mlango baada ya mlango, kuomba takataka. Naam, takataka. Nilikuwa mke wa mtu, leso zangu mpya, miezi tisa tu tangu niolewe, na kila nilipofunguliwa mlango nilisema, "Shikamoo, naomba majani makavu kama mnayo huko jaani." Watu walicheka wakashika mbavu. Nitakueleza nilifikaje hapo, lakini kwanza nina hasira zangu, na mtu mzima akiwa na hasira hungojwa amalize.

Mwaka huu peke yake wamenijia vijana watano kutaka miche ya mkilua. Nimewapa. Sina choyo, na mche wa mkilua si kitu cha kunyimana. Kila mmoja nimemwambia maneno yaleyale: panda kivulini, kisha uache. Mwezi haujesha, mtu yuko mlangoni kwangu: "Bibi, mbona hauchanui?" Mmoja ameuhamisha mara tatu, kutoka nyuma ya nyumba kuja mbele, na kutoka mbele kuja barazani ndani ya mkebe wa rangi, ili wageni wauone. Mwingine, Mungu amsamehe, alinieleza bila haya kwamba kila Jumapili huung'oa atazame kama mizizi imeshika. Kila Jumapili! Hebu niambie, hata wewe ungeshika nini kama ungekuwa unang'olewa kila Jumapili?

Na wewe unayecheka, usicheke sana. Nimeiona ile picha uliyonionyesha kwenye simu yako. Mche wako umesimama juani peke yake kama askari wa benki, na chini yake pamefagiwa mpaka udongo unang'aa. Nilipouona udongo ule roho ilinipasuka, kwa sababu naujua. Kabla yako wewe, aliyeufagia udongo wa namna hiyo ni mimi.

Mimi si mzaliwa wa Gazi. Nilizaliwa Samburu, ile ya kwetu Kinango, kwenye barabara kuu ya kwenda Nairobi, malori yakipita mchana kutwa na mbuzi wakivuka watakavyo. Ni nchi kavu. Na kwetu mwanamke alipimwa kwa mambo mawili, uwanja wake na maji yake. Uwanja ulifagiwa mpaka ukawa mweupe, kwa sababu penye majani pana nyoka na pana kupe, na uwanja mtupu nyoka akipita utaiona njia yake. Msichana aliyeacha jani limelala uwanjani mpaka jua likapanda, mamake alisemwa. Na maji tuliyafuata silanga, bwawa la maji ya mvua, mwendo wa asubuhi nzima, tukarudi na debe kichwani tusimwage hata tone. Kumwagia mti maji yale ilikuwa jambo la ajabu. Mtu aliyemwagia mti maji, basi mti huo aliupenda kuliko nafsi yake.

Hayo mawili ndiyo niliyokwenda nayo kwa mume, usafi na maji. Yashike hayo, maana ndiyo yaliyokuja kunitia aibuni.

Niliolewa mwaka uliofuata zile mvua kubwa za El Nino. Mume wangu, Juma, alikuwa akifua mashuka katika hoteli moja ya Galu. Hoteli zilikuwa zimepoa siku hizo, wageni wa kuhesabu, lakini kazi alikuwa nayo na nyumbani alikuja siku moja katika wiki. Siku nyingine zote nilikuwa mimi na mavyaa wangu, mamake Juma, Bi Riziki, na binti yake wa mwisho, Tima, aliyekuwa amekwisha kuposwa. Manong'ono hayakukosa. Juma kawaruka wasichana wote wa pwani akaenda kuoa nyika! Hakuna aliyenitamkia usoni, kwa kuwa mtu wa pwani hakwambii jambo usoni mpaka kwanza alitie sukari. Lakini masikio nilikuwa nayo.

Nyuma ya nyumba, baina ya jiko na kisima, chini ya mkorosho mkubwa, ndipo ulipokuwa mkilua wa Bi Riziki. Mti wenyewe si mkubwa, ni kichaka cha kimo cha mtu na kidogo juu yake, kibichi mwaka mzima, majani yake ya kijani kilichokolea. Ungepita kando yake usijue umepita kitu. Hata ua lake, kilua, si ua la kutazamwa. Huning'inia chini ya kijiti limeinama kama mwari. Lakini harufu yake, mwanangu! Na likikauka ndipo linapozidi. Bi Riziki aliviweka vilua vikavu sandukuni baina ya nguo, na leso ya miaka mitatu akiikunjua, chumba kizima kilipata habari.

Kisha kuna harusi. Unajua kikuba, kile kishada cha maua wanachojipachika wanawake, asmini na rehani na mkadi, na kilua kibichi katikati. Kwa wanawake wa mtaa ule kikuba kisicho na kilua kilikuwa kama pilau isiyo na nyama. Kitaliwa, lakini kitasemwa. Na kilua cha mtaa mzima kilitoka kwa Bi Riziki, bure, mkono kwa mkono. Mche wake alipewa na mamake mzazi. Bibi harusi wote wa pale walinukia mti ule mmoja, na sasa ilikuwa imefika zamu ya Tima, mwanawe mwenyewe. Harusi yake ilipangwa baada ya miezi mitatu.

Ndipo habari ikaja kutoka Vanga kwamba binti yake mkubwa amejifungua pacha. Bi Riziki akafunga safari kwenda kumwangalia mzazi mpaka arobaini itimie. Siku ya kuondoka alinionyesha kila kitu, kuku, mbuzi, funguo za sanduku, dawa ya Tima ya kifua. Mwisho akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba.

"Mkilua uache kama ulivyo," akasema. "Usiuguse."

"Ndiyo, mama."

Ndiyo ya mdomo. Moyoni nilisikia maneno mengine kabisa. Nilisikia: wewe wa nyika hujui kitu, usiguse vitu vyetu. Niliumia, na nikajiapia kwamba atakaporudi atakuta nyumba haijawahi kupendeza vile tangu ijengwe.

Na nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo ninyi nyote mnaponipotea. Sikuuvunja mwiko wa mavyaa wangu kwa ujeuri. Naapa sikuchuma hata jani moja la mkilua ule. Lakini chini yake palikuwa na majani yaliyoanguka, ya mkorosho na ya mkilua wenyewe, yamerundikana mpaka kifundo cha mguu, ya juu makavu na ya chini meusi yenye umajimaji, na vijimche vimechomoza humo ambavyo mimi nilidhani ni magugu. Kwa miezi saba pembe ile ilikuwa imenitia haya. Uwanja wa mbele unang'aa, na nyuma pako kama pango la nyoka! Nilishangaa mwanamke msafi kama Bi Riziki anapavumiliaje. Na kufagia, kwetu sisi, si kufanya jambo. Ni kama kunawa uso. Ukiambiwa usiguse kitu, hudhani kwamba umekatazwa kunawa uso.

Siku ya pili tu baada ya yeye kuondoka nilishika ufagio. Nilitoa yote, makavu na meusi, mpaka mchanga ukatokea. Vijizizi vyembamba kama uzi vilivyokuwa juu juu nikavikwangua navyo. Nikapeleka kila kitu jaani nikakitia moto.

Bi Mejumaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, akachungulia. "Hee! Mke wa Juma ana mkono huyu! Mahali panang'aa mpaka mtu anaogopa kukanyaga."

Sifa ile ilinipanda kichwani kama tembo la mnazi. Mgeni anayenong'onwa akisifiwa mara moja, hutaka asifiwe kila siku. Basi nikafagia pale kila siku, asubuhi na alasiri, na jani likidondoka nililiokota kwa mkono.

Wiki ya tatu mkilua ukaanza kulegea. Majani yakainama, kisha yakaanza kugeuka manjano pembezoni. Mtu wa Samburu akiona mti umelegea anajua dawa yake, hana haja ya kuuliza. Mti una kiu. Na kisima kilikuwa hatua kumi tu! Mimi niliyebeba debe kutoka silanga tangu utotoni, sasa maji yako mlangoni pangu. Nikasema, wallahi huu mti nitaunywesha mpaka ushibe. Maji ya kisima kile yalikuwa na chumvichumvi kwa kuwa bahari haiko mbali. Tukifulia na kuoshea vyombo, ya kunywa tukiyafuata kwingine. Lakini kwangu mimi maji yalikuwa maji. Nikaanza na ndoo mbili. Mti ukazidi kulegea, nikafikisha nne. Ukaanza kupukutisha majani, nikamwagia sita, asubuhi na jioni.

"Wifi," Tima aliniuliza, "kwani mama huumwagia?"

"Mama hayupo," nikamjibu.

Ukisikia mtu anajibu hivyo, mwanangu, jua amekwisha kupotea njia na anaongeza mwendo.

Juma alipokuja siku yake ya mapumziko alisimama mbele ya mkilua, mikono nyuma. "Mama alisema nini kuhusu mti huu?"

"Alisema nisiuguse. Sijaugusa. Nimeupa maji tu."

"Mbeyu, tumpelekee mama habari Vanga. Kuna mtu anakwenda kesho."

Nilimshika miguu asifanye hivyo. Nilimwambia utapona, nipe wiki moja. Nilijua fika kwamba mti ule ukifa, nitaitwa yule aliyeua mkilua mpaka siku ya kuzikwa kwangu. Hata nikizaa wanane, hata nikipika vipi, kila harusi watasema, tungekuwa na kilua kama Juma hangeoa nyika. Juma akanihurumia akanyamaza. Kosa lake hilo, naye alilijua. Mficha uchi hazai, na sisi wawili tulikuwa tumeuficha uchi wetu nyuma ya jiko, unaonekana na kila apitaye.

Arobaini ikatimia. Bi Riziki alirudi adhuhuri, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na ndoo mkononi. Alikuja moja kwa moja kisimani kunawa miguu, akasimama. Nusu ya mkilua ilikuwa vijiti vitupu. Nusu nyingine ilikuwa na majani yaliyojikunja. Hakupiga kelele, na laiti angepiga. Aliweka mkoba wake chini, akachuchumaa, akashika udongo, akaufikicha, akautia ulimini, akautema.

"Majani yaliyokuwa hapa chini yako wapi?"

"Niliyafagia, mama."

"Ukayaweka wapi?"

"Niliyachoma."

"Na maji haya ni ya kisimani?"

"Ndiyo, mama. Nimeumwagia kila siku. Sikukosa hata siku moja."

Akainuka polepole akishika magoti. Aliponitazama niliona amechoka, na haukuwa uchovu wa safari.

"Mbeyu. Mimi nilikuomba kitu gani? Nilikuomba kitu chepesi kuliko vyote duniani. Nilikuomba usifanye kitu! Ningekwambia pika pilau ya watu mia, ungepika. Ningekwambia chimba kisima kingine, ungechimba, maana mikono unayo. Kuacha tu ndiko kumekushinda?"

Nikafungua mdomo. Akauinua mkono, nikaufunga.

"Mti huu asili yake ni msituni. Msituni nani anafagia? Majani yale ndiyo nguo yake na ndiyo chakula chake. Umemvua nguo, ukamwondolea chakula, ukamkata mizizi kwa ufagio, kisha alipoanza kuugua ukamnywesha chumvi. Na hapo ulikuwa unampenda! Nakuuliza, ungekuwa unamchukia ungemfanyaje?"

Nililia. Nilimwambia nisamehe mama, sikujua.

"Kutojua si kosa. Kosa ni kwamba hukuuliza. Na usinililie mimi, hayo machozi nayo yana chumvi. Kesho asubuhi shika tenga. Majani uliyoyatoa utayarudisha."

"Niyapate wapi, mama? Nimeyachoma."

"Gazi nzima inafagia. Nenda kaombe."

Basi hiyo ndiyo asubuhi niliyokwambia. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bi Mejumaa, maana huwezi kumruka jirani. "Majani?" akasema. "Mke wa Juma, si wewe uliyekuwa husazi jani?" Akamwita dada yake atoke jikoni aje asikie. Walinipa, lakini walinipa kwa kicheko. Nyumba ya tatu waliniuliza kama ni dawa ya mganga. Nyumba ya sita habari ilikuwa imetangulia, nikakuta majani yamekwisha kuwekwa mlangoni na watu wamekaa wananingoja niyabebe.

Juu ya barabara, kwenye mashamba ya skimu yaliyogawiwa na serikali, aliishi mama mmoja wa bara, Mama Njoki, mtu wa kanisani, aliyepanda ndizi na mahindi akiuza kituoni. Huyo hakucheka. Alinitazama, akalitazama tenga.

"Ni ya kufunika miti chini, ama? Kwetu kahawa tunaifunika hivyo hivyo, na hata migomba. Hata hapa, si unaona?" Akanionyesha. Kila mgomba wake ulikuwa umefunikwa shinani. Nilikuwa nimepita pale kila siku ya soko. "Sasa wewe mbona hukuniuliza tu?"

Ukweli ni kwamba niliogopa kuuliza, kwa kuwa anayeuliza huonekana hajui. Na Mama Njoki nilimwona mgeni kama mimi, nikajiambia mgeni hawezi kumfundisha mgeni mwenzake. Kumbe alikuwa na elimu yote niliyoihitaji, mwendo wa dakika tano kutoka kwenye ndoo yangu. Alinijazia tenga mara mbili, kisha akachimbua ya chini. "Beba na hizi zimeoza. Hizi ndizo poa zaidi."

Nilipeleka matenga kumi na moja. Bi Riziki aliyatandaza kwa mikono yake, akiacha nafasi ya kiganja shinani ili mti upumue. Kabla ya hapo aliumwagia maji matamu, ya kunywa, mara moja tu, kuiteremsha ile chumvi. Kisha akaokota mawe ya matumbawe akayapanga duara kuuzunguka mkilua, akaniletea ufagio wangu.

"Ufagio huu una mpaka. Ukifika kwenye mawe, geuka."

Nilikuwa natumaini muujiza, nisikufiche. Nilikuwa nikiamka na kukimbilia nyuma ya nyumba kama wewe unavyokimbilia simu yako. Hakuna. Wiki zikapita na mkilua umesimama vilevile, si mzima wala si mfu, na mimi mikono inaniwasha. Mwanangu, kazi ngumu kuliko kufagia ni kutazama jani likianguka na kuliacha lilale.

Siku ya kutunga vikuba vya harusi ya Tima ikafika. Alasiri wanawake walijaa ukumbini, mkeka umetandikwa, asmini kwenye ungo, rehani inanukia, sindano zinakwenda. Nami nimo, nachambua asmini, kichwa chini. Bi Mejumaa akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Na kilua, Bi Riziki? Leo ni harusi ya mwanao, tusikie harufu ya mkilua wako."

Nilingoja kusikia jina langu.

Bi Riziki hakuinua macho kwenye sindano. "Mkilua wangu mwaka huu nimeupumzisha. Umewapamba mabinti wa watu miaka yote hii, nao umechoka. Au Gazi hii hata mti hauna ruhusa ya kuchoka?"

Watu wakacheka, kazi ikaendelea. Na wote walijua! Si mimi niliyewabishia hodi na tenga? Hapakuwa na mmoja pale asiyejua nani aliyeuchosha mkilua. Lakini mwenye mti alikuwa amesema, na mwenye mti akisema, nani tena wa kuongeza? Tima aliolewa kwa kikuba kisicho na kilua kibichi. Mamake alimtia vikavu vya sandukuni katika nguo zake, basi. Tima mpaka leo hajanitajia, na kila nikimwona naona haya.

Wageni walipotoka nilimfuata mavyaa wangu jikoni. "Mama, mbona hukuwaambia ni mimi?"

Akakunja uso, maana alikuwa anatafuta mwiko na mimi nimesimama njiani. "Nimekupanda hapa mwaka haujesha. Nikianza kukufagia mbele za watu, utashika lini? Hebu nipishe, sufuria inaungua."

Nikampisha. Nilikwenda nikasimama kisimani nikalia tena, na safari hiyo hakunikataza.

Ulipita mwaka mzima, ukapita na wa pili nusu yake. Nilikuwa nimekwisha kuzaa. Masika yalipokatika nikawa nafagia uwanja wa nyuma, nikafika kwenye mawe, nikageuka kama kawaida yangu. Bi Riziki alikuwa amesimama upande wa pili.

"Mbeyu, njoo."

Chini ya kijiti, ndani ndani, kilua kimoja kilikuwa kimening'inia. Kimoja tu. Alikichuma, akashika pembe ya leso yangu, akakifunga humo fundo dogo. Nilingoja aseme jambo kubwa. Akaniuliza, "Umeufanya nini mti huu muda wote huo?"

"Sijaufanya kitu, mama."

"Basi endelea."

Bi Riziki ametangulia mbele ya haki, Mungu amrehemu. Mawe yake yapo palepale. Miche yote ninayowapa ninyi mkaipeleke barazani kwenye mikebe ya rangi huota yenyewe ndani ya majani yale, na mimi siifanyi lolote ila kuichimbua kwa adabu mtu akija kuomba.

Sasa nisikilize, maana sitarudia. Mkilua uutafutie kivuli cha mti mkubwa, uufunike majani shinani, uumwagie maji matamu unapokuwa mchanga na jua likiwa kali, kisha utoke hapo. Usiuchungulie kila siku kama deni. Ukilegea, kabla hujashika ndoo, uliza. Muulize wa pwani, muulize wa bara, muulize hata yule unayedhani hajui, kwa maana si kila kinachonyauka kina kiu. Na nikisema hivyo sisemi mti peke yake. Mwanao akinyamaza wiki moja, usimwagie maneno ndoo sita asubuhi na jioni. Mumeo akirudi kazini amechoka, usimng'oe kutazama mizizi yake. Jambo ulilolijua kwenu likakufaa, huenda kwa wenzio ni sumu, na mapenzi yako hayataigeuza ile sumu ikawa dawa. Na siku mtu wa nyumbani kwako akikosea, mkanye jikoni, mlango umefungwa, maneno yote yaishie humo. Mkitoka barazani, msitiri. Mimi nilisitiriwa siku ile mbele ya mtaa mzima, na ndiyo sababu nimeshika hapa mpaka nimezeeka.

Mwenyezi Mungu akupe kivuli kabla hujaungua. Akupe mkwe mwenye hasira za ndani na sitara ya nje. Mikono yako aijaze kazi, na siku kazi yenyewe ni kuiweka mikono mapajani, akupe nguvu za kuiweka. Wanao waoe na waolewe wakinukia mti wako. Amin.

Haya, nenda. Na ukifika nyumbani, ule ufagio uupe mpaka.